Kabla ya kupandikiza jino jipya, tuulize la zamani lilitokaje

Swali: "Daktari, mimi ni mama wa miaka 54. Gego la kwanza la chini upande wa kushoto niling'olewa miaka minne iliyopita baada ya kuoza. La pili, lililo nyuma yake, lilianza kulegea taratibu, mwaka jana likang'olewa pia. Nina kisukari na natumia vidonge. Kliniki moja imeniambia naweza kuwekewa vipandikizi viwili na kuondoka na meno siku hiyohiyo. Nyingine imenishauri daraja, yaani meno bandia yanayoshikiliwa na meno ya jirani. Wapo wanaosema vipandikizi hudumu maisha yote, wapo wanaosema mwili huvikataa. Je, umri wangu unaruhusu? Nitaumia? Na ni lazima nijaze mapengo yote mawili?"

Mama, umeuliza mambo mengi na yote nitayajibu, ila kuna neno moja katika maelezo yako ambalo ilibidi nilirudie: "kulegea". Gego lako la kwanza lilioza, na chanzo chake kinajulikana. La pili hukusema kwamba lilioza. Sasa, jino zima lisilo na tundu halilegei tu kwa sababu mwenye nalo amefikisha miaka hamsini. Hulegea kwa sababu mfupa unaolishika umepungua, na kinachoupunguza, karibu kila mara, ni ugonjwa wa fizi. Ongeza hapo kisukari. Sukari ikiwa juu, fizi hushambuliwa kwa urahisi zaidi na hupona polepole. Fizi zikiwa na uvimbe wa muda mrefu, sukari nayo inakuwa ngumu kushuka. Magonjwa haya mawili huchocheana.

Nimeanza na hili kwa sababu kliniki zote mbili ulizokwenda, kwa jinsi ulivyoeleza, zilizungumzia namna ya kujaza pengo. Hujasema kama kuna aliyekupima fizi au kukuuliza jino la pili lilitokaje. Kama ugonjwa uliolitoa bado umo kinywani, utakikuta kipandikizi hapohapo na kukifanyia vilevile, tena kwa kasi zaidi. Nitakueleza sababu.

Kipandikizi chenyewe ni skrubu ndogo, kwa kawaida ya madini ya titani, yenye unene wa milimita 4 hivi na urefu wa milimita 8 hadi 12. Inazamishwa kwenye mfupa wa taya mahali palipokuwa na mzizi. Juu yake hufungwa kiungio, na juu ya kiungio huvikwa taji, ambalo ndilo jino linaloonekana. Kinachofanya kazi hii iwezekane ni tabia moja ya titani ambayo daktari wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, aliigundua bila kuitafuta. Mwaka 1952 alikuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mifupa ya sungura kwa kutumia vifaa vidogo vya titani. Utafiti ulipokwisha, alitaka kuvitoa vifaa vyake, akashindwa: mfupa ulikuwa umevishika. Mwaka 1965 alimwekea mgonjwa wake wa kwanza, mwanamume aliyezaliwa na kasoro za taya. Vipandikizi vile vilimtumikia mgonjwa huyo hadi alipofariki mwaka 2006.

Hapo ndipo lilipo jibu la hofu yako kwamba mwili huvikataa. Mwili hukataa figo ya mtu mwingine kwa sababu kinga huitambua kuwa ni nyama ya kigeni. Titani si nyama. Inapoguswa na hewa hujifunika ngozi nyembamba sana ya oksidi, na chembe za mfupa huota juu ya ngozi hiyo bila ugomvi. Wengi wanaosema "mwili umekataa" wamepatwa na mojawapo ya mambo haya: wadudu waliingia kwenye kidonda, mfupa uliungua wakati wa kutobolewa, skrubu ilitikisika kabla haijashikwa, au mfupa ulikuwa mchache tangu mwanzo. Karibu yote hayo yanaweza kuzuilika. Mfupa, kwa mfano, huanza kuharibika ukipata joto la nyuzi 47 kwa dakika moja tu. Ndiyo maana daktari makini hutoboa taratibu, kwa ncha zinazopanuka hatua kwa hatua, huku maji safi ya chumvi yakimwagika muda wote kupooza.

Lakini jino ulilozaliwa nalo lina kitu ambacho skrubu haina. Kati ya mzizi na mfupa kuna nyuzinyuzi laini zinazolibeba jino kama kitanda cha kamba. Zinalipa mwendo mdogo sana, zinakuambia unapouma kitu kigumu, na zina damu yake ya kupigana na wadudu. Ufizi nao umeshonwa kwenye jino kwa nyuzi zinazoingia ndani ya mzizi. Kwenye kipandikizi, ufizi umekizunguka na kukibana tu, haukushonwa nacho. Utando wa bakteria ukijikusanya pale shingoni, hakuna kizuizi kikubwa njiani hadi mfupani. Ugonjwa unaotokea hapo huanza kwa ufizi kutoa damu, kisha usaha, kisha mfupa unaliwa kuizunguka skrubu, na mara nyingi hayo yote hutokea bila maumivu. Tafiti zikijumlishwa, takriban mgonjwa mmoja kati ya watano wenye vipandikizi hufikia hatua ya kupoteza mfupa kwa njia hii, na aliyewahi kuugua fizi yumo katika kundi lenye hatari kubwa zaidi. Ndiyo sababu neno lako "kulegea" limenishughulisha kuliko hesabu ya mapengo.

Kisukari peke yake hakikuzuii. Ninachotaka kujua ni kama kimetulia. Kipimo cha asubuhi moja hakitoshi; omba kile kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu, kinachoitwa HbA1c. Kikiwa karibu na asilimia 7, tunaendelea bila wasiwasi mkubwa. Kikipita 8, mimi husubiri, na namwomba mgonjwa arudi kwanza kwa daktari wake wa kisukari. Na kuna habari njema hapa ambayo wagonjwa wengi hawajaambiwa: kutibu fizi vizuri hushusha kipimo hicho kwa takriban pointi 0.4 ndani ya miezi mitatu au minne. Kwa hiyo hata ukiamua mwishowe kutoweka kipandikizi chochote, kusafishwa fizi kwa kina hakutakuwa kazi bure.

Umri wako hauna tatizo lolote. Hakuna kikomo cha juu. Nimewatibu watu wenye umri wa miaka zaidi ya sabini na mifupa yao ikashika vizuri. Kikomo kipo upande wa vijana, maana taya likiwa bado linakua, meno ya jirani husogea pamoja nalo na kipandikizi hubaki kilipowekwa, kikaonekana kama kimezama. Wazazi wanaotaka kumjazia kijana wao wa miaka 14 huwa nawaomba wasubiri. Ila kwa mwanamke wa umri wako kuna swali moja lazima niulize: je, umewahi kutumia dawa za kuimarisha mifupa, za kumeza kila wiki au za kudungwa mara chache kwa mwaka? Baadhi yake huzuia mfupa wa taya kupona baada ya upasuaji. Watu husahau kuzitaja kwa sababu hawaoni uhusiano wake na meno. Zitaje. Taja pia kama uliwahi kupigwa mionzi ya saratani kichwani au shingoni. Na kama unavuta sigara, ambalo hukulisema, hatari ya kipandikizi kushindwa huongezeka hadi karibu mara mbili.

Sasa tuje kwenye ahadi ya meno siku hiyohiyo. Sisemi ni uongo. Ipo, na kwa mgonjwa anayefaa inafanya kazi. Mtu asiye na jino hata moja anaweza kuwekewa vipandikizi vinne au sita katika taya, vikaunganishwa na safu moja ya meno ya muda, na kwa kuwa vimefungwa pamoja havitikisiki ovyo. Jino moja la mbele pia linaweza kuvikwa taji la muda ambalo tunahakikisha haligusani na la juu yake wakati wa kuuma. Magego yako, mama, ni jambo jingine. Huko nyuma ndiko nguvu zote za kutafuna huangukia.

Skrubu inapoingia siku ya kwanza, inashikwa na kubanwa kwake tu, kama skrubu iliyofungwa kwenye ubao. Wiki zinazofuata, mwili huondoa mfupa uliojeruhiwa na kujenga mpya mahali pake. Katikati ya kazi hiyo, wiki ya tatu au ya nne hivi, kipandikizi huwa dhaifu kuliko kilivyokuwa siku ya upasuaji: mshiko wa zamani umelegea na mpya haujakomaa. Kikitikiswa wakati huo zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita, badala ya mfupa huota nyama laini kukizunguka, na kipandikizi chenye nyama laini hakina dawa ila kutolewa. Kwa hiyo kwa gego la chini mimi husubiri miezi mitatu, na kwa taya la juu, ambalo mfupa wake ni mwepesi, minne hadi sita. Ukikuta daktari anakuahidi magego ya siku moja kabla hajaona picha ya mfupa wako, muulize anategemea nini kuamua. Anayejua kazi yake hatakasirika.

Hiyo picha nayo ina habari yake. Jino likishang'olewa, mfupa uliolishika hauna tena kazi, nao hupungua. Katika mwaka wa kwanza upana wake unaweza kupotea hadi nusu, na theluthi mbili za upungufu huo hutokea katika miezi mitatu ya mwanzo. Pengo lako la kwanza lina miaka minne. La pili lilipoteza mfupa kwa ugonjwa hata kabla jino halijatoka. Inawezekana kabisa kwamba sehemu moja ina mfupa wa kutosha na nyingine haina. Eksirei ya kawaida ni picha bapa: inaonyesha urefu wa mfupa, haionyeshi unene. Unahitaji picha ya pande tatu, inayoitwa CBCT, ile inayopigwa kwa mashine inayozunguka kichwa. Taya lako la chini lina mfereji unaopitisha neva ya mdomo na kidevu, na skrubu lazima ikomee angalau milimita 2 juu ya mfereji huo. Kuugusa kunaweza kukuachia ganzi ya mdomo inayodumu miezi, au isiyoondoka. Mfupa ukionekana mwembamba, unaweza kuongezewa kwa mfupa wako mwenyewe, wa mnyama uliosafishwa, au wa kutengenezwa. Una haki ya kuuliza watakaokuwekea umetoka wapi. Nyongeza hiyo huchukua miezi kadhaa kukomaa.

Kuhusu daraja, ushauri wa kliniki ya pili umenishangaza kidogo. Daraja huhitaji nguzo pande mbili za pengo. Mbele ya pengo lako yapo magego madogo, sawa. Nyuma kuna nini? Kama gego la mwisho halipo, daraja lako litaning'inia upande mmoja kama tawi, na jino linaloning'inia nyuma hubeba nguvu ambazo huzipinda nguzo zake hadi zilegee au zivunjike. Kama lipo, huenda limeinama kuelekea pengo baada ya miaka minne. Zaidi ya hapo, meno ya nguzo hulazimika kuchongwa pande zote ili yavishwe mataji. Kama tayari yana vijazio vikubwa au yamevunjika, kuyavika taji ni kuyasaidia, na hapo daraja lina hoja. Kama ni mazima, mimi nasikitika kuyachonga, kwa sababu gamba gumu la jino likiondolewa halioti tena.

Meno bandia ya kuvaa na kuvua hayana hadhi kubwa machoni mwa watu, na nadhani yanaonewa. Hayahitaji upasuaji, hutengenezwa kwa wiki chache, na kama fizi zako zinahitaji mwaka mzima wa matibabu yanaweza kukusitiri katika kipindi hicho. Ubaya wake ni kwamba pengo la nyuma lisilo na jino la mwisho huyafanya yapande na kushuka wakati wa kutafuna, na vishikizo vyake hukusanya uchafu kwenye meno yaliyobaki.

Swali lako la mwisho ndilo nililolipenda zaidi: ni lazima ujaze yote mawili? Hapana. Mwaka 1981 daktari wa Uholanzi, Arnd Käyser, aliandika kuhusu wagonjwa waliokosa magego ya nyuma lakini wakawa na meno yote ya mbele na magego madogo, kama ishirini hivi yanayokutana vizuri juu na chini. Wengi wao walitafuna na kuishi bila shida. Tangu hapo wengi wetu hatuoni gego la pili kuwa deni ambalo lazima lilipwe. Kwako ningefikiria kipandikizi kimoja tu, mahali pa gego la kwanza, ambalo ndilo hufanya kazi kubwa ya kutafuna, na sehemu ya pili niiache. Huko nyuma mfupa huenda ni haba, neva iko karibu, na brashi hufika kwa taabu. Kitu kimoja kinaweza kubadilisha mawazo yangu: magego ya juu yanayotazama mapengo. Jino lisilo na mwenzake huweza kushuka polepole, likaja hadi likagusa ufizi wa chini. Likishashuka sana, hata nafasi ya kuweka taji hukosekana. Hilo linaonekana kwa kukutazama tu kinywani.

Maumivu wakati wa upasuaji hayatakuwa makubwa. Utapigwa ganzi kama ile ya kung'olea jino. Utasikia mtikisiko, kusukumwa na sauti ya mashine, na kwa kipandikizi kimoja kazi huisha ndani ya saa moja au pungufu. Wagonjwa wengi huniambia kung'olewa jino kuliwachosha zaidi. Uvimbe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu kisha hupungua, na dawa za kawaida za maumivu hutosha. Kinachopaswa kukufanya umpigie daktari mara moja ni ganzi ya mdomo au kidevu ambayo bado ipo siku inayofuata, au maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya nne badala ya kupungua. Usisubiri siku ya miadi.

Na hudumu kwa muda gani? Baada ya miaka kumi, karibu 95 kati ya vipandikizi 100 bado vimo kinywani. Ni matokeo mazuri sana. Ila kuwemo kinywani na kuwa na afya ni mambo mawili, na hesabu hiyo ni ya skrubu, si ya taji. Taji linaweza kumeguka, skrubu yake ndogo ikalegea, na baada ya miaka kumi au kumi na tano huenda likahitaji kubadilishwa. Kama unasaga meno usingizini, sema mapema, maana kipandikizi hakina zile nyuzi za kukuonya kwamba unakaza kupita kiasi. Muulize daktari kama taji linaweza kufungwa kwa skrubu badala ya kugandishwa kwa saruji. Mabaki ya saruji yakijificha chini ya ufizi huwasha na kuanzisha ugonjwa uleule niliokueleza, na taji la skrubu huweza kufunguliwa bila kuvunjwa. Kisha omba karatasi yenye jina la kampuni, aina na ukubwa wa kipandikizi chako, uitunze pamoja na nyaraka zako muhimu. Kila kampuni ina vifaa vyake vya kufungulia. Nimewahi kuletewa mgonjwa mwenye taji lililolegea, kazi ya dakika kumi, ikachukua wiki kadhaa kwa sababu hakuna aliyejua skrubu ile ni ya nani.

Usafi wake ni mara mbili kwa siku kwa brashi laini, na kila siku brashi ndogo ya katikati ya meno ipite pande zote mbili za shingo ya kipandikizi. Kwa mtu mwenye historia yako ningependa kukuona kila baada ya miezi mitatu au minne mwanzoni, na eksirei baada ya mwaka ili kulinganisha kimo cha mfupa.

Kwa hiyo usisaini chochote kwa sasa. Nenda na majibu ya HbA1c, orodha ya dawa zako zote na eksirei za zamani kama zipo, hasa iliyopigwa kabla gego la pili halijatolewa. Mwombe daktari apime kina cha ufizi kuzunguka kila jino na akutajie namba kwa sauti. Milimita 1 hadi 3 ni kawaida. Ukisikia 5, 6 na kuendelea, na panapopimwa panatoka damu, matibabu yako yanaanzia hapo, na kipandikizi kitasubiri hadi namba hizo zishuke.